MTOTO HUYU SI MVIVU WALA SI MKAIDI

Mtazame mtoto wa kiume anapoinuka kutoka chini. Mtoto mwenye afya husimama mara moja na kukimbia. Lakini wako watoto wachache ambao hawawezi kufanya hivyo. Kwanza hugeuka na kushika ardhi kwa mikono miwili. Halafu huinua makalio. Kisha huweka mikono juu ya magoti, na baadaye juu ya mapaja. Hujikwea wenyewe kwa mikono, kama mtu anayekwea mnazi, mpaka wasimame.

Ukimwona mtoto wa namna hiyo usimcheke. Usimwige mbele ya wenzake. Mtoto huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli.

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa huo. Tutazungumza hasa juu ya jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Ugonjwa huu hauko katika miguu peke yake. Kwa watoto wengi unagusa pia namna wanavyojifunza, wanavyosema na wanavyokaa na wenzao.

MFANO WA MTOTO MMOJA

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka minane. Hatumpi jina, kwa sababu si mtoto wa nyumba moja. Anaweza kuwa wa Kilimarondo, wa Ruangwa, au wa kijiji kingine chochote.

Mtoto huyu alichelewa kutembea. Alichelewa pia kusema. Sasa anatembea kwa ncha za vidole, tumbo mbele, akiyumba kama bata. Huanguka mara kwa mara. Mashavu ya miguu yake ni manene na magumu, hata watu husema, "Tazama miguu ilivyojaa! Mtoto huyu ana nguvu, ila hataki kazi."

Asubuhi mama yake anamwambia: "Mwanangu, nenda kisimani ukachote maji. Ukirudi, pita kwa mjomba umwambie aje jioni. Halafu ukawafunge mbuzi."

Mtoto anaitika, "Ndiyo, mama." Anakwenda. Anarudi na maji nusu ndoo. Kwa mjomba hakupita. Mbuzi hakuwafunga, nao wameingia katika mihogo ya jirani.

Mama anakasirika. Anasema, "Nimekuambia na umeitika! Kwa nini unanidharau?" Mtoto ananyamaza. Hana jibu. Anapigwa.

Shuleni ni hivyo hivyo. Mwalimu anasema, "Toeni madaftari, fungueni ukurasa wa kumi, nakilini hesabu tatu za kwanza." Wenzake wanaandika. Yeye ametoa daftari na kukaa. Mwalimu anaona ukaidi. Anachapwa.

Ndugu msomaji, mtoto huyu hakumdharau mama yake, wala hakumkaidi mwalimu. Alisikia maneno ya kwanza akayashika. Maneno yaliyofuata yalimponyoka.

UGONJWA HUU NI NINI?

Magonjwa ya kudhoofika kwa misuli yako ya aina nyingi. Aina inayojulikana zaidi kwa watoto huitwa Duchenne. Jina hilo hutamkwa "Dushen". Ni jina la daktari wa Ufaransa, Guillaume Duchenne, aliyeueleza ugonjwa huu katika miaka ya 1860. Huwapata hasa watoto wa kiume. Hukadiriwa kwamba duniani, katika kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa nao. Kwa hiyo si ugonjwa wa kila nyumba, lakini upo.

Sababu yake ilipatikana baadaye. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walitambua kitu kinachokosekana katika misuli ya watoto hawa. Kitu hicho walikiita distrofini.

Distrofini inafanya kazi gani? Fikiri juu ya nyumba ya miti na udongo. Kuna nguzo, kuna fito, na kuna kamba zinazofunga fito kwenye nguzo. Kamba zikikosekana, ukuta unaweza kusimama kwa muda. Lakini kila mara upepo ukivuma, fito hucheza na udongo hupasuka. Unakandika leo, kesho umepasuka tena. Mwishowe ukuta unalegea.

Distrofini ni kama kamba hizo. Kila mara misuli inapofanya kazi, inapasuka kidogo kidogo. Mwili unajaribu kukandika. Lakini baada ya miaka misuli inakwisha, na mahali pake huingia mafuta na makovu. Ndiyo maana mashavu ya miguu huonekana manene na kumbe hayana nguvu.

Bila dawa, wengi wa watoto hawa huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13. Baadaye mikono huchoka. Mwisho misuli ya kuvuta pumzi na moyo pia hudhoofika.

KWA NINI KUJIFUNZA NAKO KUNAKUWA KUGUMU?

Hapa ndipo penye jambo letu la leo.

Dokta Duchenne mwenyewe aliona kwamba baadhi ya watoto aliowatibu walikuwa wazito wa kujifunza. Lakini kwa miaka mingi watu walidhani kwamba shida hiyo inatokana na huzuni, au na kukosa shule kwa sababu ya miguu.

Sasa tunajua zaidi. Distrofini haifanyi kazi katika misuli tu. Inafanya kazi katika ubongo pia. Kwa hiyo mtoto anayezaliwa bila kamba hizo miguuni, anaweza kuzikosa na kichwani. Chanzo cha shida zote mbili ni kimoja.

Shida za kichwani huonekana hivi:

1. Mtoto huchelewa kusema, au maneno yake huwa machache.

2. Hawezi kushika maneno mengi kwa mara moja. Ukimwambia mambo matatu, hushika moja.

3. Kusoma na kuhesabu humchukua muda mrefu kuliko wenzake.

4. Wengine hawatulii. Mawazo yao hurukaruka.

5. Wengine wana usonji. Mtoto mwenye usonji huona vigumu kuelewa sura na mizaha ya wenzake. Hupenda kila siku iende vilevile, na huweza kung'ang'ania jambo moja siku nzima.

6. Wengine hushikwa na hofu au hasira bila sababu ambayo wewe unaiona.

Si kila mtoto mwenye ugonjwa huu ana shida hizi zote. Wengine hawana hata moja, na ni hodari sana darasani. Wengine wana moja au mbili. Wachache wana nyingi. Kwa hiyo usiseme, "Miguu mibovu, basi na akili hakuna." Huo ni uongo. Mtazame mtoto wako mwenyewe, umjue.

Sasa lishike neno hili. Shida za miguu huongezeka mwaka hata mwaka. Shida za kichwani haziendi hivyo. Mtoto huzaliwa nazo, na hazizidi kama zinavyozidi za miguu. Akifundishwa vizuri, huendelea kujifunza. Mtoto ambaye mwaka huu anaweza kusoma herufi kumi, mwakani anaweza kusoma jina lake, na baadaye gazeti kama hili.

Miguu yake itachoka. Lakini elimu anayoipata haitaondoka pamoja na miguu. Ndiyo mali atakayobaki nayo akiwa kijana. Anayemtoa shule mtoto huyu kwa sababu hawezi kutembea, anamnyang'anya mali hiyo.

SI UCHAWI, NA SI KOSA LA MAMA

Mtoto anapoanza kuanguka, maneno huanza kijijini. Wengine husema amerogwa. Wengine husema mama alivunja mwiko alipokuwa na mimba. Wengine husema ana jini.

Wataalamu husema ni jeni, siyo jini. Maneno haya yanakaribiana, lakini maana zake ziko mbali. Jeni ni maagizo madogo sana yaliyomo mwilini. Tunayapata kwa wazazi wetu. Yanauambia mwili utengeneze nini na vipi.

Maagizo ya kutengeneza distrofini mwanamke anayo mara mbili, kama mtu mwenye vitabu viwili vya aina moja. Kitabu kimoja kikikatika kurasa, husoma kingine. Ndiyo maana mama kwa kawaida huwa mzima na hajui lolote. Mwanamume ana kitabu kimoja tu, na amekipata kwa mama yake. Akipewa kile kizima, ni mzima. Akipewa kile kilichokatika, anaugua.

Nani anachagua kitabu? Hakuna. Ni kama kurusha shilingi juu. Kwa mama mwenye kitabu kimoja kilichokatika, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu. Mtoto wa kike anaweza kukibeba kitabu hicho kama mama yake. Wachache wao hupata udhaifu kidogo au shida ya moyo. Tena, katika kila watoto watatu wenye ugonjwa huu, karibu mmoja hakurithi kwa mama. Kurasa zilikatika kwake kwa mara ya kwanza.

Sisi watu wa Kusini, Wamwera, Wamakua, Wamakonde na Wayao, tangu zamani tumehesabu ukoo kwa upande wa mama. Hilo linaweza kutusaidia hapa. Daktari atauliza: "Je, alikuwapo mjomba au mtoto wa mama mdogo aliyeacha kutembea utotoni?" Bibi na wajomba ndio wanaojua. Waulizwe bila kuogopa, nao waseme bila kuficha.

Lakini kuhesabu ukoo si kuhesabu makosa. Mama hakuuchagua ugonjwa huu, kama ambavyo hakuchagua rangi ya macho yake. Baba anayemfukuza mke wake kwa ajili hiyo anamwongezea mtoto shida ya tatu. Mjomba mwenye kauli katika ukoo na aseme hivyo mbele ya watu.

NYUMBANI UFANYE NINI?

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unajua namna ya kumfundisha mtoto huyu. Ulianza na herufi moja. Ukaongeza ya pili. Mwalimu wako alirudia, nawe ukarudia. Hakuna aliyekupiga kwa kusahau. Fanya vivyo hivyo kwa mtoto.

Mwambie jambo moja kwa mara moja. Sema, "Kachote maji." Akirudi, mwambie, "Asante. Sasa nenda kwa mjomba."

Mtazame usoni unapomwambia. Mwambie arudie maneno yako kabla hajaondoka.

Mwonyeshe kwa mikono na kwa vitu. Jambo aliloliona kwa macho hukaa kuliko jambo aliloambiwa tu.

Mambo ya kila siku yafuate mpango mmoja: kuamka, kunawa, kula, kwenda shule. Kama mpango utabadilika, mwambie mapema. Mtoto mwenye usonji huogopa mambo ya ghafla.

Mpe kazi zinazomfaa. Asibebe ndoo kubwa. Asiruke wala kushindanishwa mbio, kwa maana kazi nzito huzidi kuipasua misuli. Lakini asikae tu. Anaweza kuchambua mbaazi, kupanga korosho safi na mbovu, kuhesabu magunia ya ufuta, na kumsomea bibi barua. Mtoto mwenye kazi hujiona mtu.

Kila siku mnyooshe nyayo na magoti polepole, kama mhudumu wa afya atakavyokuonyesha, ili viungo visikaze.

Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia shamba la mbali. Mtoto huyu asiachwe peke yake nyumbani, wala asikatishwe masomo ili akalinde ndege. Zungumzeni katika ukoo ni nani atakaa naye karibu na shule.

Na siku za jando zikifika, wazee na makungwi waelezwe mapema. Mtoto asilazimishwe kucheza ngoma usiku kucha. Mafunzo apewe akiwa amekaa, kidogo kidogo, kwa kurudia. Tohara ifanywe na mtaalamu wa afya aliyeambiwa habari za ugonjwa wake.

SHULENI IWEJE?

Msikilize mama wa mfano wetu alipokwenda kumwona mwalimu.

Mwalimu alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kwa habari za mwanangu. Daktari ameniambia misuli yake ni migonjwa. Na maneno mengi kwa pamoja hayashiki. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimpiga. Nimeacha. Nakuomba na wewe uache."

Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, nilidhani ananichezea. Nitamkalisha mbele, karibu na ubao. Nitamwambia jambo moja moja."

Hayo hayahitaji fedha. Mwalimu anaweza kumkalisha mbele. Anaweza kumpa muda zaidi wa kuandika, kwa maana na mikono huchoka. Anaweza kumpa mwenzake wa kumsaidia. Anaweza kumruhusu ajibu kwa mdomo. Anaweza kuwakataza watoto wengine kumwita majina mabaya.

Kamati ya shule nayo ina kazi yake. Ngazi mlangoni iondolewe, pawekwe mteremko wa udongo ulioshindiliwa. Choo kiwe karibu, chenye mahali pa kushika. Vijana wa kijiji wanaweza kuifanya kazi hiyo kwa siku moja.

Haki ya mtoto huyu imeandikwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma sawa na wengine. Asirudishwe nyumbani kwa sababu ya miguu yake, wala kwa sababu anajifunza polepole.

HOSPITALINI UKASEME NINI?

Usingoje mpaka mtoto ashindwe kutembea. Ukiona hajatembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, au anachelewa kusema, au anajikwea kwa mikono, nenda zahanati au kituo cha afya. Waambie yote mawili, ya miguu na ya kujifunza. Wazazi wengi hutaja miguu tu, na lile la pili likabaki bila kutazamwa.

Kutoka hapo mtaelekezwa hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa. Kama kuna haja, mtatumwa Hospitali ya Sokoine mjini Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, au Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama misuli inaharibika. Usiyeweza kulipa, mwone afisa ustawi wa jamii, umweleze hali yako.

Dawa ya kuuponya kabisa ugonjwa huu haijapatikana. Tusidanganyane. Anayekuambia ataumaliza kwa kuku wawili na shilingi elfu hamsini, anataka kuku na fedha. Lakini msaada upo. Vidonge vya prednisoloni, vikitolewa na daktari, huweza kumfanya mtoto atembee kwa muda mrefu zaidi. Vidonge hivi vina madhara yake. Mtoto huweza kunenepa, na huweza kuwa na hasira kuliko zamani. Mweleze daktari. Usiache dawa ghafla kwa uamuzi wako, kwa maana kuacha ghafla ni hatari.

Moyo nao upimwe, hata kama mtoto halalamiki. Na kama atafanyiwa upasuaji wa aina yoyote, sema kwa sauti: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa misuli." Baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kumwua. Daktari akijua, atachagua nyingine.

Wenye ugonjwa huu wanaotunzwa vizuri siku hizi huwa vijana na watu wazima. Wapo duniani wanaofika miaka 30 na zaidi. Kwa hiyo mtoto wako umlee kama mtu atakayekua.

MWISHO

Ndugu msomaji, gazeti hili ukilimaliza usilitie kapuni. Msomee jirani. Msomee mjomba. Msomee mama ambaye mtoto wake huanguka njiani, na ambaye amechoka kusikia maneno ya watu.

Fimbo haifungi kamba iliyokosekana. Lakini neno moja, likisemwa polepole na kurudiwa kwa upole, mtoto hulishika. Kesho atashika jingine.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mtoto mwenye ugonjwa huu huinukaje kutoka chini?

2. Kwa nini mtoto wa mfano wetu hakupita kwa mjomba?

3. Shida zipi huongezeka kila mwaka, za miguu au za kujifunza? Kwa hiyo shule ina faida gani kwake?

4. Kwa nini si haki kumlaumu mama?

5. Shule ya kijiji chenu ina ngazi mlangoni? Nani ataanza kazi ya kuweka mteremko, na siku gani?